Mawe ya Shu

Maji kwanza, sumeno baadaye. Nimewaambia hivyo vijana walioachiwa mashine yangu mpaka mmoja wao akaniuliza kama hiyo ni aya. Si aya. Sumeno la kukatia jiwe likizunguka bila maji hushika moto, punje za almasi zilizo ukingoni hung'oka, na kuleta sumeno jingine mpaka hapa kwetu Kasongo ni kazi ya miezi hata barabara ikiwa nzuri, nayo haijawahi kuwa nzuri tangu niajiriwe. Sasa nimestaafu. Wameniomba niandike niliyoyaona kazini, nami naandika. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuwa vichache, na mishahara wanaijua wenyewe.

Kazi yangu katika ofisi ya jiolojia ilikuwa kukata mawe, si ya kujengea. Unakata kipande kama kiganja, unakigandisha juu ya kioo kwa gundi iliyopashwa moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kisha unakisaga kwa poda juu ya bamba la chuma mpaka jiwe linakuwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ndipo linawekwa chini ya hadubini. Ofisini tuliviita vipande hivyo "vioo". Watu wa nyumbani kwetu, ambao ni Waislamu wa mjini na wameuza vitambaa tangu enzi za mababu, hawakuelewa kamwe. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi ya miwani.

Aliyenifundisha ni Papa Ferdinand, mwanajiolojia, Mzimba kwa kabila, mtoto wa wakulima wa upande wa Nyangwe. Siku yangu ya kwanza aliweka jiwe mezani, akaniambia nilitazame bila kuligusa, akaondoka. Nilikaa nalo asubuhi nzima. Aliporudi aliuliza nimeona nini. Nikasema nimeona jiwe.

"Muzuri," akasema. "Yule alikutangulia aliona dhahabu."

Alipenda kunitania juu ya ukoo wetu. "Ninyi watu wa maduka mumezoea kupima kitambaa kwa mukono. Hapa tunapima kwa rangi." Hilo lilikuwa somo lake kubwa, na vijana walishike. Punje ya mchanga mweupe iliyo ndani ya jiwe ikionyesha manjano chini ya hadubini, kioo bado ni kinene, endelea kusaga. Ikionyesha kijivu, acha hapo. Isipoonekana kabisa, basi jiwe limekwisha na sasa unasaga kioo chenyewe. Kwake unene wa kioo ulikuwa kama imani ya dini, na mimi niliishika imani hiyo kuliko alivyotarajia.

Safari iliyonifanya niipende kazi ilikuwa ya Kabambare. Tulikwenda kwa pikipiki kwa njia ya Wamaza, kisha kwa miguu, tukafika kwenye kijito kinachopita katikati ya vilima. Ukingo mmoja wa kijito ulikuwa wa mawe yaliyovimba kama vichwa, kimoja kando ya kingine, na maji yalikuwa yamevikata baadhi katikati. Ndani yake kulikuwa na tabaka juu ya tabaka, nyembamba, zote zimejikunja kwa namna moja. Papa Ferdinand alisimama majini na viatu vyake, akasema kwa sauti, "Shu!"

Shu ni kabichi kwa Kifaransa. Yeye alisomea ng'ambo penye baridi, alikokula kabichi kila siku mpaka akaichukia, na mawe yale yalikuwa kweli kama kabichi iliyopasuliwa kwa kisu. Vitabu vina jina refu zaidi, stromatoliti, lakini jina hilo huwezi kumwambia mwenye pikipiki anayekuuliza kuna mzigo gani. Basi tukayaita mawe ya shu. Tatizo moja ni kwamba huku kwetu shu si chakula cha watu. Sisi ni watu wa sombe, majani ya muhogo. Wengi pale kijijini hawakuwa wamewahi kuiona kabichi, na neno lenyewe lilipita masikioni mwao bila kukaa.

Chini kidogo ya ukingo ule kulikuwa na tanuri la chokaa, na mkubwa wa tanuri alikuwa Mama Sifa, Mbangubangu kwa kabila, mwenye mabega mapana na sauti ya kuvuka mto. Yeye na wanawake wenzake waliokota mawe yaliyotawanyika kijitoni, wakayachoma, wakauza chokaa kwa wanaopaka nyumba. Alituangalia tukigongagonga, halafu akaja.

"Iko na zahabu?"

"Hapana, mama," Papa akajibu.

"Sasa munatafuta nini?"

Papa Ferdinand hakuwa mtu wa kutoa hotuba. Alimwongoza mpaka pale wanawake walipofulia, akapitisha kidole kwenye jiwe lenye utelezi wa kijani. "Natafuta huyu."

"Utelezi?" Mama Sifa akacheka. "Utelezi huu uliniangusha juzi na ndoo yangu!"

"Nyanya yake ndiye alijenga ile mawe yote."

Akamweleza, nami nikasikiliza, kwa maana hakuwa amenieleza mimi. Hapa palikuwa bahari ya kina kifupi, kabla ya samaki, kabla ya jani lolote, kabla ya chochote chenye jicho. Waliokuwepo ni vijidudu tu, vidogo visivyoonekana, vimeshikana kama mkeka wa utelezi. Vilikula mwanga. Tope laini lilipovifunika, vilipanda juu yake kuutafuta mwanga, vikatandaza mkeka mwingine, na tope likaja tena. Mkeka ulioachwa chini ukawa jiwe. Hewa tunayovuta ilianza kutoka kwao, wakiwa hawana habari.

Mama Sifa alifikiri, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliuliza. "Wako kabila gani?"

"Wako mbele ya kabila zote, mama. Kule Kasongo watu wanagombana nani alifika wa kwanza. Ni hawa walifika wa kwanza."

Alirudi tanurini akiwasimulia wenzake, na tulisikia vicheko mpaka tunaondoka. Tulichukua vipande vidogo tu, vile tulivyoweza kubeba.

Nilivikata vyote. Vilionyesha tabaka, nzuri sana, lakini tabaka tu. Papa Ferdinand alinieleza kwamba jiwe la shu ni nyumba, si mwenye nyumba. Katika jiwe la chokaa vijidudu vyenyewe vilioza na kupotea. Mara chache hubaki, mahali ambapo jiwe jeusi gumu, aina ile ya kuwashia moto, liliganda ndani ya kabichi mapema na kuvifunga humo. Huonekana kama nyuzi. Yeye alikuwa ameziona katika picha za vitabu, za nchi nyingine. Sisi tulihitaji vichwa vikubwa, vizima, vyenye moyo mweusi.

Siku hiyohiyo, akiwa anafuta lenzi, aliniambia kwamba macho yake yanakufa. Alisema kama mtu anayetaja mvua. Daktari alikuwa amemwambia mshipa ulio nyuma ya jicho unanyauka, na hakuna upasuaji wala dawa ya kuurudisha. Tayari alikuwa anaona katikati tu, pembeni giza.

"Dada Zaina," akaniambia, "maisha yangu yote nimeona nyumba ya hawa watu. Nataka nione mwenye nyumba mara moja. Wa kwetu, hapana wa kitabu. Kisha macho yaende."

Nilisema Mungu ni mwema, kwa vile ndivyo husemwa, kisha nikaenda kuosha bamba ambalo lilikuwa safi.

Kurudi Kabambare hakukuwa jambo la kuamka na kwenda. Mvua ilikata daraja, na daraja lilipopona, upande wa Salamabila ukachafuka kwa bunduki, na sababu zake kila mtu wa mkoa wetu wa Maniema anazijua. Macho ya Papa Ferdinand hayakusubiri daraja. Alianza kugonga kona ya meza. Akawa ananiomba nimsomee majina kwenye mifuko ya sampuli, akisingizia mwandiko wangu mbaya.

Mwisho aliamua kutumia fonia ya kituo cha afya. Fonia, kwa mliozaliwa na simu mkononi, ni redio ya kuitana, na inavyosikika ni kama mtu anaongea akiwa ndani ya debe huku mtu mwingine akilipiga debe hilo. Papa alimpata muuguzi wa upande wa pili akamwomba ampelekee ujumbe Mama Sifa: amkusanyie mawe ya shu, makubwa, mazuri, kutoka ukingoni pale, tutakuja kuchukua njia ikifunguka.

"Mawe ya sho?" sauti ikauliza kutoka ndani ya debe.

"Ya shu!"

"Sho, nimesikia, Papa! Mingi?"

"Mingi!"

Sasa, wasomaji wangu wa pwani ambao Kifaransa hakikuwapitia hawana budi kujua kwamba sho, kwa Kifaransa hicho hicho, ni chokaa. Kati ya kabichi na chokaa kuna tofauti ya irabu moja, na fonia ile haikuwa na nafasi ya irabu. Mama Sifa alikuwa mchoma chokaa. Alikuwa amesikia neno sho kwa kila fundi wa kupaka nyumba aliyemwuzia. Shu hakuwa ameila hata siku moja.

Njia ilifunguka, tukaenda. Papa Ferdinand alikuwa nyuma ya dereva wa pikipiki wa kwanza akiimba nyimbo za kanisa, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kabla. Mama Sifa alitupokea barabarani kwa vigelegele, akatushika mikono, akatuongoza mpaka chini ya paa la nyasi. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu.

"Nimewachagulia mawe yenyewe mulitaka, ya pale pale ukingoni," akasema. "Tukaona kubeba mawe ni muzigo muzito sana. Tukawasaidia. Tumechoma yote."

Akafungua gunia. Chokaa nyeupe, laini kama unga wa muhogo.

Nilikimbilia kijitoni. Pale palipokuwa na vichwa vilivyo bora palikuwa na pengo jekundu la udongo mbichi. Nilikasirika, na sitalificha hilo. Niliwakasirikia wote: muuguzi, fonia, Mama Sifa, Wafaransa na kabichi yao. Niliporudi mdomo wangu ulikuwa tayari, lakini Papa Ferdinand, ambaye alikuwa hanioni, alinisikia ninavyopumua akanishika mkono na kuufinya. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Kisha akachota chokaa, akaisugua kati ya vidole.

"Mama Sifa," akasema, "chokaa yako ni nyeupe sana."

"Haijakuwa nyeupe hivi hata siku moja, Papa! Lakini ile mawe yenu iko na mbegu mubaya. Nyeusi, ngumu. Ukitia mu moto inapasuka kama risasi, inaweza kutoboa mutu jicho. Ile tulitoa yote kwa nyundo mbele ya kuchoma. Tumetupa kule nyuma."

Papa Ferdinand aligeuza kichwa. "Wapi?"

Nyuma ya tanuri, katikati ya migomba, kulikuwa na lundo. Aliketi chini kabisa na suruali yake ya safari, akaanza kuokota moja moja. Aliligonga jiwe kwa jiwe na kusikiliza. Aliliramba. Msicheke, nimewaona wengi wakicheka. Jiwe la udongo hushika ulimi, jiwe la chokaa huacha ladha ya vumbi, jiwe gumu jeusi halifanyi chochote, ni kama kuramba chupa. Aliramba mpaka midomo ikawa myeusi kwa masizi ya tanuri, na kila moja aliloliridhia alinipa niweke mfukoni. Mioyo ya kabichi ilikuwa imetolewa, imesafishwa na kukusanywa mahali pamoja. Sisi wawili tungefanya kazi ile kwa msimu mzima.

Tulipomaliza ndipo alipomweleza Mama Sifa neno shu lilikuwa na maana gani. Alieleza bila lawama, kwa sauti ile ile. Mama Sifa aliweka mkono mdomoni.

"Basi tumechoma nyumba ya wale walifika wa kwanza?"

"Nusu, mama. Nusu ingine iko."

Alikata makuti mawili ya mchikichi, akashuka kijitoni, akayafunga fundo na kuyachomeka mwanzo na mwisho wa ukingo uliobaki. Huko mtu akiona fundo lile anajua mahali hapo haguswi, na haulizi. Nilimtafutia mawe mengine ya kuchoma, juu zaidi ya kijito. Hatukuwa na asidi, nikatumia ndimu: kwangua jiwe upate unga, kamulia ndimu, sogeza sikio. Likilia, litatoa chokaa. Magunia tuliyabeba pia, maana kukataa kungekuwa matusi, na ofisi yetu ikapakwa chokaa ndani na nje. Katika miaka yangu yote ya kazi ni mara hiyo tu ilipopakwa.

Sasa nikakata. Jiwe jeusi lile ni gumu kuliko yote niliyokutana nayo, linakula poda kama mgeni wa harusi anavyokula pilau. Kila kioo nilichomaliza, Papa Ferdinand alikaa kwenye kiti kando yangu na kuuliza, "Iko?" Nami nikatazama. Fuwele za kijivu, safi, hazina kitu.

"Hakuna, Papa."

"Usinifurahishe, lakini."

"Sikufurahishi. Hakuna."

"Muzuri. Kata ingine."

Ilikuwa hivyo kwa kioo baada ya kioo. Zamani alikuwa akija mwenyewe ofisini. Sasa aliletwa na mke wake, Mama Roza, aliyemshika kiwiko na kumwachia mlangoni. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu, aliona kitu kikubwa kikiwa karibu. Kulikuwa na siku nilitamani kusema iko, kwa huruma tu. Angeniamini, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amenifunza kuona jiwe penye jiwe, na ningemwibia kile kile alichonipa.

Kisha poda laini ikaisha. Tuliagiza, tukaambiwa inakuja, na wote tulielewa maana ya neno "inakuja". Kioo kilichokuwa bambani kilikuwa bado kinene, mchanga wake ni wa manjano kabisa, kioo ambacho mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeonea aibu. Nilikiosha nikitaka kukiweka kando. Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nilikitazama.

Palikuwa na nyuzi.

Za rangi ya chai, zimelala pamoja, baadhi zimejipinda juu ya nyingine. Nilitoka nje, nikanywa maji, nikarudi kuona kama bado zipo. Zilikuwepo. Nilielewa pia kwa nini vioo vya nyuma vilikuwa vitupu: nyuzi ni hafifu, na tukisaga mpaka kijivu tunabakiza kipande kidogo cha kila uzi, kisichoonekana kuwa kitu. Vijana, andikeni hili kwa wino: jiwe la vijidudu liacheni nene.

Mama Roza alimleta. Nilimweka mbele ya hadubini, nikamwelekeza kichwa, nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Alitazama muda mrefu.

"Naona mwanga," akasema. "Mwanga tu."

Akajiondoa polepole, akafuta macho kwa kitambaa, akakikunja kitambaa vizuri na kukirudisha mfukoni. Moyo uliniuma, na ninapoandika hapa unaniuma bado. Tulikuwa tumechelewa. Lakini alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya bosi.

"Hizo hapana nyuzi za kitenge chako?"

"Ziko ndani ya jiwe, Papa. Nikizungusha sikurubu zinazama, nikirudisha zinatokea. Ya kitenge ingekaa juu."

"Unene?"

"Mumoja, toka mwanzo mpaka mwisho."

"Ndani?"

"Iko na vyumba vyumba. Kama shanga kwenye uzi."

"Chora," akasema.

Nilichora kwenye karatasi, akaileta mpaka puani, akatikisa kichwa. Nikachora kubwa zaidi, ikawa vile vile. Ndipo nikatazama ukuta. Nilichukua kaa lililozimika kwenye mbabula, nikapanda juu ya kiti, nikaanza. Uzi mmoja nikauchora unene wa mkono wangu, toka dirishani mpaka mlangoni, na vyumba vyake vyote, kisha wa pili unaopita juu yake, kisha wa tatu. Kila mara nilirudi hadubini kuhakikisha.

"Usiongeze kitu!" alinipigia kelele kutoka kitini.

"Siongezi!"

"Huu ukuta ndio wa chokaa ya Mama Sifa?"

"Ndio huo."

"Basi iko sawa. Wachore mu nyumba yao."

Nilipoteremka, mikono yangu na uso wangu vilikuwa vyeusi, na Mama Roza alikuwa akilia bila sauti. Papa Ferdinand aliinuka mwenyewe, mikono imenyooshwa mbele, akaenda mpaka ukutani. Alisogea karibu, akarudi nyuma hatua kidogo, akasogea tena, akihamisha kichwa huku na huku mpaka akaipata ile sehemu ya katikati iliyokuwa bado hai machoni mwake. Niliona alipoupata uzi wa kwanza, maana mabega yake yalishuka. Aliufuata kwa kidole toka dirishani, chumba baada ya chumba, bila kuruka hata kimoja, mpaka mlangoni. Kisha akafungua kiganja chote na kukiweka ukutani, akainamisha kichwa kama mtu anayesalimia wakubwa zake.

"Jambo, wazee," akasema. "Habari ya siku mingi?"